Meza Inayotafuta Wageni

Nilifundisha hesabu katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga mpaka nikastaafu, kwa hiyo naomba niruhusiwe kuanza na hesabu.

Chukua watu sita, kila mmoja ana shilingi 10,000, wamekaa kwenye meza moja ya poka ndani ya simu zao. Fedha yote iliyopo mezani ni shilingi 60,000. Watu hawa hawachezi na kampuni. Wanachezeana wenyewe kwa wenyewe, na anachoshinda huyu ndicho alichopoteza yule. Kampuni inagawa karata, inahesabu, na katika kila fungu linaloshindaniwa inakata ushuru wake. Tuseme fungu la kawaida ni shilingi 3,000 na ushuru ni asilimia 5. Hapo kampuni inachukua shilingi 150 kwa kila mgao. Mtandaoni hakuna mkono wa kuchanga karata wala mtu wa kusubiriwa amalize sigara yake, na migao 60 kwa saa ni jambo la kawaida. Baada ya migao 400, yaani saa sita na dakika arobaini, ile 60,000 imekwisha yote. Haikubaki kwa fundi wala kwa anayejifunza. Imekwenda kwa mwenye meza.

Kwa kweli meza huvunjika kabla haijafika huko. Wanyonge huishiwa mapema wakaaga, na mafundi wawili watatu wanabaki wakitazamana, kila mmoja akijua mwenzake hana kosa la kumnufaisha. Hawana sababu ya kuendelea kulipa ushuru ili wanyang'anyane wao kwa wao, nao huondoka. Ndiyo maana mchezo huu hauwezi kuishi na watu wale wale. Unahitaji mgeni mwenye fedha kidogo na imani kubwa, na huyo akiishiwa unahitaji mwingine. Nikisoma kwamba kampuni za poka zinatazama masoko mapya ng'ambo, hesabu hii ndiyo inayonijia kwanza. Soko jipya ni wageni wapya, na bara ambalo watu wake wana umri mdogo kuliko yote duniani ni hili letu.

Mwaka ulioanzisha mbio hizi za kutafuta wageni ni 2003. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani, mwenye umri wa miaka 27, aliingia shindano dogo kwenye tovuti ya PokerStars kwa ada isiyofika dola 100. Akashinda nafasi ya kwenda Las Vegas kwenye mashindano makubwa ya dunia, ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Huko walikaa wachezaji 839. Yeye akabaki wa mwisho na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliojitokeza walikuwa 2,576, mwaka 2005 wakawa 5,619, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Televisheni ilisaidia sana. Kamera ndogo zilionyesha karata ambazo kila mchezaji alizificha, hivyo mtazamaji aliyekuwa sebuleni kwake aliziona zote kwa pamoja, na mtu anayeona karata za kila mtu hudhani yeye angecheza vizuri zaidi. Wahasibu na wanafunzi wa vyuo wa Marekani nzima walijiona katika yule kijana. Wale 838 walioliacha jasho lao mezani hawakuwa na msimuliaji.

Kampuni ya PartyGaming, yenye makao Gibraltar na wateja wake wengi wakiwa Marekani, iliingia soko la hisa la London Juni 2005 ikiwa na thamani ya mabilioni ya pauni. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mabenki yasipitishe fedha za kamari ya mtandaoni iliyo haramu, ikiwa imebandikwa mwishoni mwa muswada wa usalama wa bandari. Hisa za PartyGaming zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja. Rais George W. Bush aliposaini Oktoba 2006, kampuni ikafunga virago na kutoka Marekani. Nyingine hazikuondoka. Zilitafuta njia za pembeni za kupitisha fedha mpaka tarehe 15 Aprili 2011, siku ambayo serikali ya Marekani ilizikamata anwani za tovuti za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Hapo ndipo ikafichuka kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za wateja wake. Mchezaji alifungua simu au kompyuta akaona salio lake limeandikwa vizuri, lakini benki hakukuwa na kitu. Mwaka 2012 PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 kuimaliza kesi na kuichukua Full Tilt, na katika fedha hizo ndimo wachezaji wa nje ya Marekani walimopata haki yao.

Tukio hilo la Full Tilt ningependa kila kijana wa Afrika Mashariki alijue kabla hajaweka senti yake kwenye tovuti ya ng'ambo. Waliolipwa walilipwa kwa sababu kulikuwa na serikali yenye nguvu ya kuzikamata akaunti na kampuni tajiri iliyotaka amani na serikali hiyo. Mchezaji wa Muheza anayedai salio lake kutoka kisiwa asichoweza kukionyesha kwenye ramani, hana nguvu hiyo nyuma yake.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Ufaransa ilitunga sheria yake mwaka 2010, Italia na Uhispania nazo zikaweka zao, na kila nchi ikajenga ukuta. Mfaransa acheze na Wafaransa, Mhispania na Wahispania, ili kodi ibaki nyumbani na polisi waweze kumfikia mwenye meza. Nia ilikuwa njema. Lakini meza zikapwaya. Ufaransa, yenye watu zaidi ya milioni 60, mishahara ya Ulaya na intaneti karibu katika kila nyumba, ilishindwa kuzijaza meza zake yenyewe kama zamani. Ndiyo maana Julai 2017 wasimamizi wa Ufaransa, Italia, Uhispania na Ureno walikutana Roma wakatia saini ya kuchanganya wachezaji wao. Ufaransa na Uhispania zilianza Januari 2018, Ureno ikajiunga Mei. Italia ilitia saini, kisha miaka ikapita haijaingia.

Kwingineko milango inafungwa na kufunguliwa. Australia ilizifukuza kampuni za poka mwaka 2017. China ilizima programu za poka mwaka 2018, hata zile za chipu zisizo na thamani. India ndiyo iliyokuwa tumaini kubwa. Ina vijana wengi, simu kila mkono, malipo ya papo kwa papo, na desturi ya kucheza karata kwa fedha wakati wa sikukuu ya Diwali tangu zamani. Agosti 2025 Bunge la India likapitisha sheria ya kupiga marufuku kila mchezo wa fedha mtandaoni, uwe wa bahati au wa ustadi, na katika siku chache meza za fedha zikafungwa. Brazili imekwenda upande wa pili, soko lake la kubashiri limekuwa chini ya leseni tangu tarehe 1 Januari 2025. Hata Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wamehamia kutafuta riziki, Falme za Kiarabu ziliunda mamlaka ya kusimamia michezo hii mwaka 2023, na mwaka uliofuata zikatoa leseni ya kasino ya kwanza huko Ras Al Khaimah.

Sisi je?

Kwetu poka ya mtandaoni haikushika. Kilichokuja ni mikeka ya kubashiri mpira, na kilipanda juu ya mapenzi tuliyokuwa nayo tayari. Julai 2017 Everton ya Uingereza ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, Wayne Rooney akafunga goli kwenye Uwanja wa Taifa, na jina lililokuwa kifuani mwa Everton na kifuani mwa Gor Mahia lilikuwa moja, SportPesa. Jina hilo hilo lilikuwa kifuani mwa Simba na kifuani mwa Yanga. Nchi nzima ilikuwa na furaha siku ile, mimi nikiwemo, maana nani hakutaka kumwona Rooney? Kamari iliingia ikiwa imevaa jezi tunayoipenda. Njia ya fedha ilikuwa imeshachongwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kufikia wakati huo kijana aliweza kutuma fedha kwa kampuni kwa urahisi ule ule wa kumtumia mama yake hela ya sukari.

Poka haina jezi. Hakuna mtoto wa Ngamiani, Tanga, au wa Kisumu aliyekua akishangilia poka. Barazani kwetu karata zilikuwa za turufu, watu wanne, wawili kwa wawili, na waliofungwa walinunua kahawa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama poka ya mtandaoni itapanuka huku kwetu, namjibu kuwa kwa sura yake yenyewe, sidhani. Kama Ufaransa ilishindwa kuijaza meza kwa watu wake peke yao, meza ya Watanzania peke yao itajazwa na nani, na kwa mshahara upi? Na ikifunguliwa kwa dunia nzima, kijana wetu atakaa na watu ambao dau dogo kwao ni fedha kubwa kwake. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe ni wa subira. Fundi wa poka hutupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza. Anakaa, anangoja, anaacha. Vijana wetu wamefundishwa kwa kasi nyingine kabisa.

Nazungumzia kindege. Kindege hiki, kwa jina lake rasmi Aviator, kilitengenezwa na kampuni ya Spribe, yenye asili yake Georgia, ile ya milima ya Kaukasi. Ndege inapaa, kizidisho kinapanda, unatoa fedha yako kabla haijatoweka, na mzunguko mzima unaweza kwisha kwa sekunde chache. Watengenezaji wanasema kinarudisha asilimia 97 kwa wachezaji. Vijana hulitaja hilo kama jambo la heri. Mimi niliwaandikia mchangani. Asilimia 97 ni ya kila mzunguko, si ya siku. Ukiweka shilingi 1,000, wastani wa kinachorudi ni 970. Ukiirudisha yote hiyo 970, wastani ni 941. Endelea hivyo, na ifikapo mara ya 23 wastani wa kilichobaki haufiki 500. Mara 23 za kindege ni kazi ya robo saa. Kampuni haihitaji kukuibia, inahitaji tu usiondoke.

Kizazi changu hakikuwa cha malaika. Stendi ya mabasi ya ujana wangu ilikuwa na wacheza karata tatu. Ubao juu ya ndoo, karata tatu zilizokunjwa kidogo katikati ili zishikike upesi, na wenzao wawili watatu waliojifanya abiria, wakiweka fedha na kushinda kwa kelele. Mwenyeji hawakumgusa. Walimngoja aliyeshuka basi la kutoka Handeni na fedha za mahindi mfukoni, ambaye alisimama kutazama kwa sababu hakuwa na haraka, akaona watu kama yeye wanashinda. Meza ile nayo ilikuwa hai kwa sababu mabasi hayakukoma kushusha watu.

Lakini ile ilikuwa mchana, na watu walikuwepo. Nimeona kwa macho yangu muuza machungwa akimvuta mtu shati na kumwambia, "Mwanangu, nenda zako, hao watakumaliza." Nimeona mtu akilia hadharani, na abiria wengine wakijifunza kutokana na kilio chake. Kijana wa leo anapoteza fedha zake saa nane usiku, kitandani, mwanga wa simu umepunguzwa ili ndugu yake anayelala pembeni asiamke. Hakuna wa kumvuta shati. Asubuhi anaamka, anaamkia wazee, anapiga mswaki, na hakuna anayejua kwamba ada ya chuo imekwenda. Hili ndilo linaloniumiza kuliko takwimu yoyote. Tumekiacha kizazi kizima kifungwe mmoja mmoja, gizani, kisha tunakiita cha wavivu.

Vijana hawa si wavivu. Nimewafundisha, nawajua. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika, na kati ya waliojibu Kenya asilimia 76 walisema wamewahi kucheza kamari. Uganda walikuwa asilimia 57. Idadi kama hiyo haielezi tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Inaeleza watu waliomaliza shule, wenye hesabu kichwani na muda mikononi, ambao hakuna aliyewapa pa kuvitumia. Kijana anayekaa kijiweni akichambua nani ameumia goti kule Brighton, timu gani imesafiri katikati ya wiki, kocha gani anapenda sare ugenini, anafanya kazi. Anakusanya taarifa, anapima, anaamua. Kazi hiyo hailipwi. Jumapili jioni timu moja inamchania mkeka wenye timu kumi na mbili, na Jumatatu anaanza upya. Nchi iliyoshindwa kuutumia uchambuzi huo katika ghala, katika ofisi ya takwimu, katika soko la samaki pale Deep Sea, Tanga, imeuacha uchukuliwe bure.

Serikali zetu zimehangaika, tusizinyime haki yao. Tanzania ina sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2003 na bodi yake. Uganda iliandika katika sheria ya 2016 kwamba mtu asicheze kabla ya kutimiza miaka 25. Kenya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 kwenye dau, ikakataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, na SportPesa ikasimamisha shughuli zake huko kwa muda. Klabu zilizoitegemea zikabaki zikitafuta hela ya nauli. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo ikapata sheria mpya mahali pa ile ya 1966. Lakini kila hazina inayokula kodi ya kamari inakuwa na sababu ya kutotaka kamari ipungue, na sijaona bado waziri wa fedha anayesoma bajeti akifurahia kwamba mapato ya eneo hilo yameshuka.

Nina mjukuu anayesoma chuo Dodoma. Mikeka anaweka, kindege anacheza, na poka anajifunza kwa chipu za bure akingoja siku itakapofunguliwa kwa fedha. Likizo iliyopita tulikaa ukumbini tukazungumza kwa urefu.

"Babu," akaniambia, "kindege ni bahati, nakubali. Mikeka nayo, sawa. Lakini poka ni akili. Kule aliyesoma anamshinda asiyesoma. Si ndiyo haki hiyo?"

Nilimsikiliza kwa sababu hoja yake ina uzito. Poka kweli ina ustadi. Mtu akicheza migao elfu nyingi, bahati inajisawazisha na ujuzi unabaki, na hilo ni hesabu safi. Na kwa kijana aliyeambiwa maisha yake yote kwamba elimu itamlipa, halafu haikumlipa, mchezo unaoahidi kulipa akili ni kishawishi kikubwa kuliko bahati nasibu yoyote. Nadhani kampuni zinalijua hilo kuliko sisi.

Nikamweleza kuhusu Pittsburgh. Januari 2017 programu iitwayo Libratus, kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 dhidi ya mabingwa wanne kwa muda wa siku ishirini, na ikawashinda wote. Mwaka 2019 Pluribus ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita, ile ile ya hesabu yangu ya mwanzo. Tangu hapo mafundi wanajifunza kwa programu za kukokotoa hatua bora, wakikariri majedwali usiku na mchana, kwenye kompyuta ambazo bei yake ni ada ya mwaka mzima ya mjukuu wangu. Na wapo wanaoiachia mashine icheze kwa jina lao. Aliyesoma anamshinda asiyesoma, ndiyo. Lakini aliyesoma hayuko Dodoma.

Akanyamaza, kisha akasema kitu kilichonifikirisha: "Kwa hiyo ni kama kila kitu kingine, babu. Tunafika wakati wenzetu wameshamaliza."

Sikuwa na jibu la kumfariji. Nikamwomba simu yake. Ushindi wake aliukumbuka wote, tarehe na timu, hata goli lililomwokoa dakika za nyongeza. Hasara ilikuwa kwenye ujumbe mfupi wa miamala tu. Tukachukua penseli na daftari la zamani la mitihani, tukaandika safu mbili, zilizotoka na zilizoingia, tukirudi nyuma ujumbe kwa ujumbe. Mengine alitaka kuyaruka kwa kuwa yalikuwa madogo, mia tano, mia tano. Nikamwambia tuyaandike. Zilizotoka zilifika mara tatu ya zilizoingia. Aliitazama ile jumla kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimekosea kujumlisha, akairudia mwenyewe kutoka chini kwenda juu.

Ninavyoiona hali ilivyo, poka ikija kwetu haitakuja kama meza. Itakuja kama mlango. PokerStars yenyewe, iliyojengwa juu ya karata, iliongeza michezo ya kasino mwaka 2014 na kubashiri michezo mwaka uliofuata, na tangu 2020 imekuwa ndani ya kampuni kubwa ya Flutter yenye kila aina ya kamari chini ya paa moja. Kijana ataingia kwa sababu ya akili, kama mjukuu wangu. Atakaa kwenye meza ya subira, atachoka kungoja, na pembeni ya skrini kindege kitakuwa kinapaa. Fedha ya kampuni iko kwenye chumba hicho cha pili. Ndiyo maana siogopi sana idadi ya meza zitakazofunguliwa. Naogopa heshima ambayo poka itaipa nyumba nzima, maana mzazi aliyekataa kindege anaweza kukubali mchezo aliousikia unaitwa wa akili.

Kinga naiona ikianzia darasani. Mada ya uwezekano tuliifundisha kidato cha nne, kwa sarafu na dadu, mwanafunzi akiwa amebakiwa na miezi kabla ya mtihani wa taifa. Wengi waliiruka. Ningekuwa bado na chaki mkononi, ningeifundisha mapema zaidi na kwa mkeka halisi. Ningewafanya wanafunzi wazidishe odi za timu kumi na mbili, watafute nafasi ya zote kushinda, waone wenyewe kwa nini zawadi ni kubwa hivyo.

Kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nina maombi machache, na nayaandika hapa kwa sababu barua za wazee hupotea. Fedha za mchezaji zikae katika benki ya hapa nchini, mbali na fedha za kampuni, ili yasitufike ya Full Tilt. Ushuru wa kila mgao au asilimia ya kila mzunguko iandikwe kwa Kiswahili mahali pa kuchezea, si kwenye masharti yasiyosomwa. Kusiwe na kuweka fedha kati ya saa sita za usiku na alfajiri. Na kila mtu akifungua programu, kabla ya mchezo wowote, aone jumla mbili kwa herufi kubwa, alizotoa tangu afungue akaunti na alizopata.

Mjukuu wangu ameyasoma haya kabla sijayatuma. Lile la usiku amelikataa, kwa kuwa mechi za Amerika Kusini huchezwa saa hizo na yeye ana hoja zake kuhusu ligi ya Brazili. Lile la benki amesema ni la lazima. Kuhusu jumla mbili amesema kampuni hazitakubali kamwe, kwani mtu akiiona kila siku hatafungua tena. Nimemwambia basi hilo ndilo tuanze nalo.